Anayetaka tutoke Jumuiya aje kwanza Kisumu

Mhariri,

Msomaji mwenzetu kutoka Nakuru aliuliza katika ukurasa huu Jumuiya ya Afrika Mashariki inatufaa nini, kisha akashauri Kenya ijitoe na fedha inazopeleka Arusha, kwenye makao yake makuu, zijenge barabara. Swali lake ni la haki na sina ugomvi naye. Ila ameandika kama mtu ambaye hajawahi kuwa na Jumuiya akanyang'anywa. Sisi wa umri wangu tulinyang'anywa ile ya kwanza, ndiyo maana naomba nimjibu kwa kirefu kuliko ilivyo desturi ya barua.

Mimi ni mstaafu wa reli. Mwanzoni mwa miaka ya 70 niliingia karakana ya meli hapa bandari ya Kisumu, kijana wa kujifunza kazi. Mwajiri wangu hakuwa serikali ya Kenya. Alikuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na meli za Ziwa Victoria zilikuwa chini yake. Reli na ndege zilikuwa na makao makuu Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, sekretarieti Arusha. Mkataba uliotiwa saini Kampala mwaka 1967 uliyatawanya hivyo kwa makusudi, ili kila nchi iwe na cha kulinda.

Msimamizi wetu alikuwa mtu wa Bukoba. Fundi wa kuchomelea alitoka Jinja. Yule wa Bukoba ndiye aliyenifundisha kuisikiliza injini ya dizeli mpaka nijue ugonjwa wake kabla sijashika spana, na hakuna siku aliyoniuliza kipande changu kimetolewa nchi gani. Meli ya Victoria ilibeba abiria kutoka Kisumu hadi Mwanza na Bukoba na ng'ambo ya Uganda. Uhuru na Umoja zilibeba mabehewa. Behewa lililojaa pamba Mwanza liliingia melini juu ya reli, likashushwa gatini Kisumu, likafungwa kwenye treni ya Mombasa, na hakuna kuli aliyegusa robota hata moja njiani. Meli ikiugua ililetwa kwenye chelezo chetu. Hiyo ndiyo Jumuiya niliyoijua mimi. Haikuwa hotuba. Ilikuwa kazi, mshahara na ratiba ya meli.

Ikavunjwa bila sisi kuulizwa. Idi Amin alipindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na tangu hapo marais watatu hawakukutana tena kama chombo cha juu cha Jumuiya. Mapato ya kila shirika yakaanza kuzuiwa katika nchi yalikokusanywa. Mapema 1977 ndege za shirika la pamoja zilikoma kuruka, na Februari mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ulikaa umefungwa hadi 1983. Mtoto aliyezaliwa siku ulipofungwa alikuwa ameshaanza shule ulipofunguliwa.

Bandarini tulijua mambo yamekwisha pale hesabu ya vipuri ilipoanza kufanywa kwa majina ya nchi. Victoria na Umoja zikawa za Tanzania, Uhuru ikawa yetu. Tulibaki na chelezo kikubwa na meli chache za kukiingiza. Msimamizi wangu alikuwa akijenga nyumba ya kupangisha mtaa wa Manyatta hapa mjini. Aliiuza haraka kwa bei ya hasara akarudi kwao na familia. Sikumwona tena. Malipo yangu ya miaka niliyoitumikia Jumuiya yalinichukua muda mrefu kuyapata, ofisi moja ikinituma kwa nyingine na hii ikinirudisha kwa ile, maana aliyeniajiri hakuwepo tena duniani. Kugawana mali ya shirika lililokufa kulihitaji msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na makubaliano hayakutiwa saini ila mwaka 1984. Ndugu yangu wa Nakuru anaposema "tutoke", anadhani ni kama kufunga mlango. Mimi niliuona mlango huo ukifungwa, na gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

Sasa nije kwa Jumuiya ya leo, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na marais Moi, Mkapa na Museveni. Tulianza watatu, sasa tuko wanane: sisi, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo ya Kinshasa na Somalia. Ukiniuliza sababu ya kuwepo kwake sitakuelekeza Arusha. Nitakupeleka Dunga, ufukweni, nikuonyeshe maji.

Ziwa hili lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Sehemu yetu Kenya ni asilimia 6 tu. Uganda na Tanzania ndizo zenye ziwa. Sisi tuna ghuba na ukingo. Bomba la kutolea maji yake liko Jinja, ambako Mto Nile unaanzia, na tangu 1954 pale kuna bwawa la umeme. Mto mkubwa kuliko yote unaoliingia ni Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi. Mto Mara unatoka msitu wa Mau, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unaingia ziwani upande wa Tanzania. Sehemu ya Mau iko katika kaunti ya msomaji wetu mwenyewe. Mti ukikatwa huko kwao, punda milia wa Serengeti wanaona kiu na mvuvi wa Musoma anapata tope. Nani atamshtaki nani, mbele ya nani, kama hakuna chombo cha pamoja?

Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kimo ambacho wazee wa hapa walikuwa wakikitaja kwa hadithi za mafuriko ya miaka ya 60. Maji yaliingia kwenye vibanda vya kuuzia samaki Dunga, yakala mashamba ya watu wa Nyando na Budalang'i, yakafunika gati. Watu walikimbilia kuilaani serikali ya kaunti. Kaunti ya Kisumu haina koki ya Ziwa Victoria! Miaka kama kumi na tano kabla, kati ya 2004 na 2006, tulikuwa tukilia kinyume chake: maji yamerudi nyuma, mitumbwi imekwama kwenye matope, mabomba ya maji ya mji yananing'inia. Ukame ulichangia, na maji yaliyofunguliwa Jinja kuzungusha mitambo ya umeme yalichangia pia. Kwa hiyo usalama wa nyumba yangu hapa Kisumu unategemea uamuzi unaofanywa nchi nyingine. Naweza kutegemea wema wa jirani, au naweza kuwa na mkataba naye. Nachagua mkataba.

Ofisi ya mkataba huo ipo, na iko hapahapa mjini. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ni chombo cha Jumuiya, kimeundwa kwa itifaki ya mwaka 2003, na makao yake makuu ni Kisumu. Chombo cha uvuvi wa ziwa kiko Jinja, lakini mkataba uliokianzisha ulitiwa saini Kisumu mwaka 1994. Nimekutana na vijana wenye digrii katika mji huu ambao hawajui lolote kati ya hayo mawili. Wanajua mikutano ya marais. Kosa hilo si la vijana.

Chukua gugumaji, mmea unaoelea juu ya maji. Lilipoanza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 80 tulidhani ni ua zuri. Baada ya miaka michache meli hazikuweza kufika gatini, na samaki waliooza walikuwa wakinuka hadi mjini. Lilikuwa likiletwa na mito na kusukumwa na upepo, leo liko Kenya, kesho Uganda. Ungeling'oa lote Kisumu, upepo wa kusi ungekuletea jingine kabla hujanawa mikono. Kilichosaidia ni nchi zote tatu kuzalisha mbawakavu, wadudu wanaolila, kila moja ikiwaachilia upande wake katika kipindi kimoja. Gugumaji halijaisha, na uchafu wa mbolea na maji taka tunaoutiririsha unalilisha kila siku. Lakini tulijifunza njia ya kulipunguza, na njia hiyo haikuwa ya nchi moja.

Usalama wa vyombo ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu ni kazi yangu. MV Bukoba ilizama Mei 1996 karibu na Mwanza ikaua mamia ya watu. MV Nyerere ikapinduka Septemba 2018 hatua chache kutoka gati la kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa. Katika mitumbwi ya wavuvi hakuna hata anayehesabu sawasawa. Dhoruba haina pasipoti. Mvuvi aliyepinduliwa usiku katikati ya ziwa anaweza kuwa karibu zaidi na mashua ya Uganda kuliko ya kwao. Ndani ya Jumuiya kuna mradi wa mawasiliano ya ziwani na uokoaji, wenye kituo kikuu Mwanza, ili anayeomba msaada asikike bila kujali yuko maji ya nani. Kwangu mimi, mradi huo pekee unatosha kuhalalisha michango yetu. Ningependa msomaji wa Nakuru aufuatilie auulize umefika wapi, badala ya kutaka ufutwe.

Kuhusu biashara nitasema machache, maana wengine wanaijua kunishinda. Mke wa mwanangu huuza omena, yaani dagaa, kwa jumla. Mzigo mwingi anaununua kwa Waganda, kwa sababu yetu haitoshi. Zamani pale Busia, mpakani na Uganda, alikuwa akipita njia za panya kichwani ana gunia, roho mkononi, akitoa hongo huku na huku. Hakujua kwamba chini ya kanuni za Jumuiya, bidhaa za humu kwetu zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinapita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi kinachojazwa palepale mpakani. Aliambiwa na mwanamke mwenzake, si na afisa. Tangu 2018 kituo cha Busia ni cha pamoja: unasimama upande unaoingilia tu, maafisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja. Bado anapigwa danadana siku nyingine. Hata hivyo anapita mlango wa mbele, mchana, na risiti yake mkononi, na kwenda Uganda anatumia kitambulisho cha kawaida.

Ndugu yangu wa Nakuru amesema pia mabaya ya Jumuiya, na mengi ni kweli. Tulipeleka majeshi Goma, mashariki mwa Kongo, Novemba 2022 kwa jina la Jumuiya, yakaondoka Desemba 2023, na Januari 2025 mji ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23. Machi 2021 Kenya yenyewe ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti. Madereva waliokwama mpakani siku hizo hawakulipwa na mtu. Julai 2025 Tanzania iliwakataza wasio raia wake kufanya biashara ndogondogo kadhaa, hata kutuma pesa kwa simu na kutengeneza simu, ilhali tulitia saini soko la pamoja lililoanza mwaka 2010. Kuna nchi wanachama zinazolimbikiza madeni ya michango, hadi vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vimewahi kuahirishwa kwa kukosa fedha. Haya yananikera labda kumzidi yeye, kwa sababu dalili hizi nilizishuhudia zikitangulia mauti ya ile ya kwanza: mapato kuzuiwa, kila mtu kulinda chake, wakubwa kutoketi pamoja.

Lakini tazama kilichopo sasa ambacho hakikuwepo wakati wetu. Kuna mahakama Arusha ambayo mtu wa kawaida anaweza kuishtaki serikali. Tanzania ilipotaka kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi liliipeleka mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ikaamua kwamba ujenzi huo ungekiuka mkataba. Hebu fikiria jambo hilo mwaka 1976. Asasi ya raia wa Kenya ikaishinde serikali ya Tanzania mbele ya majaji wa Afrika Mashariki, na hakuna mpaka uliofungwa! Marais wakigombana leo, wako majaji, wabunge na makarani wa forodha ambao kazi yao inaendelea kesho yake. Wakati wangu uamuzi wote mkubwa ulikuwa mikononi mwa marais watatu, na mmoja alipokosekana mambo yalikwama.

Kwa hiyo kujitoa mimi nakukataa katakata. Ninachotaka ni Jumuiya itolewe kwenye mahoteli iletwe majini, na nina mambo ya kuomba.

La kwanza linahusu wavuvi wanaokamatwa. Mpwa wangu alikamatwa na walinda doria wa nchi jirani yeye na wenzake watatu, wakiamini wako maji ya Kenya. Pale hakuna boya wala alama. Injini ilichukuliwa, nyavu zikachukuliwa, familia ikachanga fedha kuwatoa, na hakuna stakabadhi tuliyopewa. Kila mwenye mtumbwi kutoka Usenge hadi Muhuru Bay ana kisa kama hiki. Wanasiasa wetu hukumbuka mambo haya wakati wa kelele za Migingo, kisiwa kinachogombaniwa na Uganda, jiwe dogo kuliko uwanja wa mpira, wakishapiga kelele wanarudi Nairobi. Mwaka 2009 Kenya na Uganda zilianza kupima mpaka ule kwa pamoja. Kazi ile imalizwe na maboya yawekwe. Zaidi ya hapo, Jumuiya iwe na utaratibu mmoja wa kushughulikia mvuvi aliyevuka mstari: asikilizwe mara moja, kwa faini inayojulikana, na injini yake irudishwe akishalipa. Injini ya mashua ni deni la miaka. Ikipotea, watoto wanatoka shule.

La pili ni kwa wabunge wetu wa Afrika Mashariki. Kila nchi ina tisa, na wetu huchaguliwa na Bunge la Nairobi, si na sisi wapigakura. Labda ndiyo sababu sijawahi kumwona hata mmoja ufukweni. Mkataba unasema Jumuiya ni ya watu; basi waje watueleze mradi wa uokoaji umefika wapi, maji yanayofunguliwa Jinja yanaamuliwaje, na Kenya inadaiwa au haidaiwi. Maswali hayo hayahitaji mtaalamu kuyauliza.

La mwisho naliomba kwa Kamisheni hapa mjini. Waitishe kikao cha wazi na wavuvi, mabaharia na wanawake wa omena, cha kwanza kifanyike Dunga, kisha Usenge na Homa Bay. Kiendeshwe kwa Kiswahili na Kijaluo. Na kiwe alasiri, maana asubuhi vijana wa omena ndio kwanza wanatoka majini na taa zao, na kina mama wanaanika mzigo kabla jua halijageuka. Hakuna atakayewasikiliza saa hizo.

Mstaafu wa reli,
Dunga, Kisumu